Kila Nyumba ya Tano

Naapa. Yote yaliyomo katika sura hii ni kweli tupu, na kama nimeongopa hata neno moja, basi nibebe ndoo ya maji ya lita ishirini kichwani, kutoka bomba la mtaa pale chini mpaka nyumba ya mwisho kule juu ya majabali, mchana kweupe, watu wakiona. Mimi ni mstaafu. Nilikata tiketi za meli miaka thelathini na moja, na elimu yangu nimeiokota kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi. Mtu wa namna hiyo adanganye ili apate nini?

Siku ya tatu tangu jalada lifunguliwe, Jumatano, Inspekta Sabina Kashindye alipanda ngazi za ofisi ya kampuni ya utafiti hapo Mkuyuni huku ameshikilia ukuta. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, viatu vilivyolala visigino, na barua ya kuomba uhamisho iliyokuwa imerudishwa mara tatu. Mezani kwa meneja, Bwana Muganyizi, palikuwa na marundo matano ya karatasi. Manne yamepangwa pamoja. La tano limewekwa pembeni, peke yake, kama mgonjwa wa surua.

"Nieleze tena," alisema Sabina, akikaa bila kukaribishwa. "Polepole. Mimi si mtu wa hesabu."

"Watu wa mradi wa maji walitaka kujua mtaa ule unaridhika na maji kiasi gani. Mtaa una kaya elfu moja. Huwezi kuwahoji wote. Tunachukua mia mbili, kila nyumba ya tano. Wadadisi watano, madodoso arobaini kila mmoja."

"Na hao mia mbili wanasema kwa niaba ya wengine."

"Ni kama kununua gunia la dagaa, Inspekta. Unachota kiganja kimoja, umejua gunia zima."

"Inategemea umechota juu au umezamisha mkono."

Muganyizi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyelala saa tatu. "Wadadisi wanne wameleta karatasi mia moja sitini. Wanaoridhika ni mia moja ishirini na watano. Asilimia sabini na nane. Sasa huyu Winnie Mayala, karatasi arobaini, wanaoridhika tisa. Mtaa ule ule, wiki ile ile. Haiwezekani."

"Kwa hiyo kaghushi."

"Angalia saa alizoandika. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Saa moja na nusu jioni. Kazi yetu ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Huyu amekaa kwake, anajaza, anakunywa chai. Hata alama ya kikombe ameiacha."

Sabina aliichukua karatasi ya juu. Palikuwa na upinde wa maji yaliyokauka, umeanzia kona moja ya karatasi na kuishia kona nyingine. Aliupima kwa kiganja, akapima tena.

"Anakunywa chai kwenye beseni?"

"Sikuchunguza kikombe chake."

"Nitazihitaji hizi. Na hayo marundo mengine manne."

"Mengine hayana tatizo."

"Nitayahitaji vivyo hivyo."

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa binti wa miaka ishirini na minne, mikono imebana mkoba. Alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Winnie. Hizi ulizijaza wapi?"

"Kule kule majabalini. Kila nyumba ya tano, kama tulivyofundishwa."

"Na mlango ukiukuta umefungwa?"

"Narudi."

"Mara ngapi?"

"Mpaka ufunguke." Kisha akauliza taratibu, "Mama, ni kweli Ijumaa?"

"Ijumaa jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Likienda jinsi lilivyo, utapelekwa mahakamani kwa kughushi."

"Nani sasa atanipa kazi tena baada ya hapo?"

Sabina alimwambia aende nyumbani, asizime simu.

Saa nne na nusu alifika chini ya mlima. Kwa asiyeujua mtaa ule: nyumba za chini zimepanga mstari kando ya barabara, nyingi zina bomba ndani ya ua. Zilizobaki zimepachikwa katikati ya majabali mpaka kileleni, na njia ya kupandia ni vidato vilivyochongwa kwenye mawe. Pale njia inapoanzia, kando ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi, kuna benchi. Na kwenye benchi lile, siku hiyo, alikuwepo mzee mmoja wa heshima zake, mtanashati, wa maneno machache, ambaye mtaa mzima humsikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umechoka wewe, naona mpaka viatu vimechoka. Meneja, toka hapo, mpishe mgeni."

Jogoo mwekundu alishuka kwenye benchi kwa kinyongo. Sabina akakaa.

"Unakaa hapa kila siku?"

"Kutoka alfajiri mpaka giza liingie. Hapiti hata inzi nisimwone."

Alimwonyesha picha ya Winnie. "Huyu alipita? Wiki mbili zilizopita, na karatasi mkononi."

Mzee aliitazama picha kwa makini, akaigeuza, akaitazama na mgongoni. "Huyu sijamwona."

"Una uhakika? Kuna binti anaweza kufungwa kwa jibu lako."

"Sijamwona akipanda. Wengine wanne niliwaona. Vijana wenye adabu. Walisimama, wakaamkia."

"Wakakaa?"

"Sasa mtu akishaamkia, akakaribishwa, atabaki amesimama kama mlingoti?"

Sabina aliandika maelezo yake. Mzee akatia sahihi yenye mikia miwili. Hayo ndiyo yakawa maelezo pekee ya shahidi wa macho ndani ya jalada, na yalikuwa yanamzamisha Winnie.

Alipanda. Kwenye orodha ya Winnie alichagua nyumba kumi, akaanza kugonga. Ya kwanza kufuli. Ya pili kufuli. Ya tatu alitoka kikongwe ambaye hakusikia hata neno moja. Ya nne, ya tano, ya sita, makufuli. Ya saba alikuwepo mbuzi. Mpaka anafika ya kumi alikuwa ameandika neno "hayupo" mara nane, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kupiga kelele ambazo hata yeye alizisikia. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa upande wa Muganyizi: saa zisizo za kazi, alama ya kikombe, shahidi wa benchi, na nyumba zisizo na watu.

Alikaa juu ya jabali, akavua kiatu, akakung'uta changarawe. Kutoka pale ziwa lilionekana lote, limejaa maji mpaka macho yanachoka. Halafu akatazama chini ya miguu yake. Kwenye bomba la mtaa, nyuma ya nyumba za barabarani, palikuwa na mstari wa ndoo na madumu ya njano uliojikunja mara mbili. Alihesabu ndoo thelathini na sita kabla hajaacha. Kando ya mstari, kwenye kivuli cha ukuta, walikaa wenye ndoo.

Alivaa kiatu akashuka.

"Bomba hili hufunguliwa saa ngapi?" alimuuliza mwanamke wa kwanza.

"Saa tatu, mayu. Yakiwepo."

"Na kufungwa?"

"Saa tisa. Wakiwa na huruma saa tisa na nusu."

Sabina alitoa orodha akaanza kusoma namba za nyumba, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kwa ile ya kwanza yenye kufuli, mkono ulinyooshwa. Ya pili, mkono. Nyumba nane alizoandika "hayupo", saba wenyewe walikuwa pale ukutani wanasubiri maji. Wa nane, walisema, amekwenda kujifungua.

"Kuna binti aliwahi kuja kuwauliza maswali ya maji?"

"Yule binti wa alfajiri?" alisema mama mmoja mnene, kanga begani. Huyo alikuwa Bi Dorotea, wa nyumba ya mwisho kileleni. "Alinijia mara tatu. Mara mbili hakunikuta, nipo hapa hapa. Ya tatu akanikuta nawasha moto, hata jua halijatoka. Nikamwambia mwanangu, wewe huna kwenu? Akacheka. Akaomba mahali pa kuandikia."

"Ulimpa nini? Meza?"

"Meza niitoe wapi? Nilimfunikia ndoo, akaandikia juu ya mfuniko."

"Ndoo ipi?"

Bi Dorotea aliielekeza kwa kidevu, nafasi ya kumi na nane kwenye mstari. Sabina alitoa mkobani dodoso la nyumba yake, lile lenye alama, akachuchumaa kwa shida, akaliweka juu ya mfuniko. Upinde wa maji ulilala juu ya ukingo wa mfuniko bila kupungua wala kuzidi.

"Nisogezee kidogo," alisema mwanamke wa nyuma. "Usije ukanichukulia nafasi na karatasi yako."

Saa nane mchana alikuwa tena ofisini kwa Muganyizi. Safari hii hakukaa.

"Hawa wanne wenye adabu. Mlango ukifungwa walifanya nini?"

"Kanuni ni kwenda mlango wa karibu ulio wazi."

"Nani alitunga kanuni hiyo?"

Muganyizi alifikicha macho. "Muda, Inspekta. Tulipewa siku nne."

"Saa tano mchana, mtaa ule, mlango ulio wazi ni wa nani?"

"Wa mtu aliyepo."

"Na asiyekuwepo yuko wapi?"

Muganyizi alikuwa mtu wa hesabu, haikumchukua muda. Bomba saa tatu mpaka saa tisa. Wadadisi saa tatu mpaka saa tisa.

"Mmewauliza habari za maji watu wote," alisema Sabina, "isipokuwa wale waliokuwa wameyafuata."

"Lakini ni karatasi mia moja sitini."

"Ungeleta elfu moja za barabarani zingesema vile vile. Kiganja chako kilikuwa kikubwa, ila umechota juu."

Muganyizi aliyatazama yale marundo manne. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeokoa kinachookoleka, "Hata hivyo shahidi wako anasema hakumwona binti akipanda."

"Ndiyo. Huyo ndiye aliyebaki."

Alhamisi asubuhi Sabina alikaa kituoni na yale marundo, akasoma dodoso moja baada ya jingine, miguu juu ya kiti cha pili. Kwenye swali la kumi, watu wangapi wanaishi katika kaya, mdadisi mmoja alikuwa ameandika: *Wawili, na jogoo mmoja anayehesabiwa.* Mhojiwa, nahodha mstaafu aliyevusha shehena ya tembo mpaka Bukoba. Anaridhika sana na maji. Kwenye rundo la pili akakuta fundi saa, mwalimu wa marais wawili wa nchi za mbali: wawili, na jogoo. Rundo la tatu, golikipa wa zamani aliyezuia mpira kwa meno: wawili, na jogoo mwekundu. Rundo la nne, mkulima wa pamba mwenye ekari zisizofika mwisho: wawili, jogoo anaitwa Meneja. Majina manne tofauti, kila moja na umri wake. Wote wanaridhika sana.

Karatasi nne. Kila mhojiwa alipewa kipande cha sabuni kama shukrani, kwa hiyo na sabuni nne.

Akaelewa ilivyokuwa. Kila mdadisi alianza pale njia inapoanzia. Kabla hajahesabu nyumba hata moja, anamkuta mzee kwenye benchi. Mtoto aliyelelewa hapitilizi mzee bila shikamoo. Mzee anasema marahaba, kaa. Ukishakaa kwa mzee huondoki bila kuzungumza, na karatasi unayo mkononi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Adabu ndiyo iliyochagua sampuli.

Inspekta alikwenda kwenye benchi. Na mzee yule, alipomwona tu, kwa moyo mweupe, bila kushurutishwa na mtu, alisimama mwenyewe akasema, "Mwanangu, nimekuwa nikikutafuta. Nataka kusema ukweli."

Hapo ndipo aliponyanyua kalamu nyekundu.

Namaanisha Sabina mwenyewe, jana. Alistaafu mwezi uliopita, uhamisho haujaja mpaka leo, na nilikuwa nimempelekea sura hii anisaidie vyeo vya polisi visije vikakosewa. Aliisoma akiwa amekaa pembeni yangu, kwenye benchi lile lile, Meneja katikati yetu.

"Mzee Machibya," alisema.

"Naam."

"'Wa maneno machache.' Hapo nimekuachia."

"Nashukuru."

"Umeandika karatasi nne. Jalada langu linasema saba, watatu walirudi kesho yake."

"Nne zinatosha kwa msomaji."

"Mbona hukumwandika yule mwenye miaka mia moja na nne? Na yule mchunga ng'ombe wa bahari? Na mjane. Uliandikwa mjane wa watoto kumi na mmoja, mzee, jinsia mke. Yule mdadisi mpaka leo hajui alikuwa anamtazama nani."

"Alikuwa anaandika ameinama."

"Na hii ya kusimama mwenyewe kwa moyo mweupe." Akapiga mstari mwekundu, mrefu. "Niseme ilivyokuwa, au utaandika mwenyewe?"

Naandika mwenyewe.

Alikuja Alhamisi saa tano, akazipanga karatasi saba kwenye benchi moja moja, kama anayecheza karata. Halafu akamwita jogoo, "Meneja, njoo," na Meneja, asiye na haya, akaenda. Mimi nikatazama ziwa.

"Binti alipita hapa au hakupita?"

"Alipita."

"Alikuamkia?"

"Aliniamkia vizuri tu."

"Sasa?"

"Nikamkaribisha akae. Akasema, samahani babu, nyumba yako haijaangukia kwenye ya tano. Akapanda." Nilijaribu kucheka. Hakukuwa na wa kucheka naye. "Siku tatu mfululizo akinipita. Anaamkia, anapanda. Alfajiri, jioni. Wenzake wote walikaa."

"Kwa hilo ungemfunga."

Niliandika maelezo mapya, sahihi bila mikia. Ijumaa jalada lilifungwa, Winnie akarudishwa kazini. Mtaa ukahojiwa upya, kila nyumba ya tano, mlango ukifungwa unarudi, asubuhi na jioni. Walioridhika na maji walikuwa asilimia thelathini na tatu. Benchi langu halikuangukia kwenye ya tano safari hiyo pia.

"Hivyo ndivyo," alisema Sabina, akifunga kalamu. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye kiapo changu. "Ndoo unayo?"

"Sabina, goti langu."

"Langu nililipandisha majabali yale kwa ajili ya uongo wako. Nenda. Mimi nitakukalia hapa."

Bombani walinipa ndoo ya mtu na nafasi ya mbele, si kwa heshima, ni kwa kutaka kuona. Mtu mmoja alinisokotea kanga ya kuweka kichwani. Nilipanda vidato vyote vya majabali yale, ambavyo kwa miaka tisa nimekuwa nikiwaeleza watu vilivyo wakati sijawahi kuvipanda kupita nyumba ya nne. Maji yalinimwagikia shingoni, mgongoni, mpaka ndani ya viatu. Milangoni kufuli, kufuli, kufuli.

Bi Dorotea alikuwepo kwake siku hiyo, ana mjukuu mgonjwa. Alinisaidia kutua ndoo, akachungulia ndani.

"Nusu," alisema.

"Ilijaa."

Alinitazama.

"Nusu," nikasema.

Alimimina kwenye pipa, ikasikika sauti ya maji kugonga chini pakavu. Simu yake ikaita. Akasikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akanirudishia ndoo.

"Ni Inspekta. Anasema kiapo kilikuwa lita ishirini."

Nilishuka. Safari hii hawakunipa nafasi ya mbele. Niliiweka ndoo mwisho wa mstari, nyuma ya thelathini na nne nyingine, nikaenda kukaa ukutani na wenzangu. Ilikuwa saa sita mchana. Kama kuna mdadisi aliyepita benchini kwangu wakati ule, hakunikuta.